Dawa Ilipogoma: Historia ya Tiba ya Pili ya Homa ya Ini C

Ukitoka katikati ya jiji la Dodoma kwa barabara ya Singida, Kizota unaifikia kabla hujakaa sawa kwenye bajaji. Watu wa siasa wanaijua kwa ukumbi ambamo CCM ilifanyia mikutano yake mikuu kabla ya kuhamia Ukumbi wa Jakaya Kikwete. Wafanyabiashara wa nafaka wanaijua kwa maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Na kwa habari za ini, ukanda huu una kumbukumbu moja kali. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga, iliwaangusha watu 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 kati yao walifariki. Tangu hapo, ukimtajia mtu wa Kanda ya Kati macho ya njano, jambo la kwanza atakalouliza ni mahindi yalihifadhiwa wapi.

Homa ya ini C haifanyi vurugu ya namna hiyo. Inaweza kukaa mwilini miaka 20 au 30 mtu akilima, akiendesha lori, akizaa na kulea, huku ini likijijaza makovu polepole. Mara nyingi hugundulika kwa bahati. Damu yote inayochangwa nchini hupimwa VVU, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende, kwa hiyo aliyekwenda kumchangia shangazi yake aliyelazwa anaweza kuitwa kando na kupewa habari asiyoitarajia. Wengine hugundulika wanapoanza methadone katika kliniki ya Itega, upande wa Hospitali ya Mirembe. Kipimo cha kwanza, kile cha tone la damu na mistari miwili, kinasema tu kwamba mwili umewahi kukutana na kirusi. Takriban mtu mmoja kati ya wanne hukiondoa mwenyewe bila kujua. Ili kufahamu kama bado kipo, lazima kitafutwe chenyewe, yaani RNA yake, na mashine ya GeneXpert iliyozoeleka kwa kupima kifua kikuu inaiweza kazi hiyo ikiwekewa katriji yake.

Siku hizi anayekutwa na kirusi hicho kwa mara ya kwanza humeza vidonge kwa wiki 12, na katika nchi nyingi zaidi ya wagonjwa tisa kati ya kumi hupona kabisa. Historia ifuatayo ni ya wale waliobaki, waliomaliza dozi kwa uaminifu kisha kirusi kikarudi. Sehemu yake muhimu zaidi kwa Afrika Mashariki haikutokea London wala Boston. Ilitokea Kigali.

Katika miaka ya 1970 kirusi hiki hakikuwa hata na jina. Harvey Alter, daktari wa benki ya damu katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, aliona wagonjwa waliowekewa damu wakipata homa ya ini isiyo A wala B, na ugonjwa ukabaki kuitwa hivyohivyo, kwa kutaja usichokuwa. Mwaka 1989 Michael Houghton na wenzake Qui-Lim Choo na George Kuo wa kampuni ya Chiron, wakishirikiana na Daniel Bradley, walikinasa kwa kuchambua vipande vya chembe za urithi, bila mtu yeyote kukiona kwa hadubini. Mwaka 1997 Charles Rice alithibitisha kwamba kirusi hicho peke yake kinatosha kuleta ugonjwa. Alter, Houghton na Rice walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2020.

Cha kushangaza, tiba ilianza kabla kirusi hakijajulikana. Interferoni, protini ambayo mwili wenyewe huitoa unaposhambuliwa na virusi, iligunduliwa na Alick Isaacs na Jean Lindenmann jijini London mwaka 1957. Mwaka 1986 Jay Hoofnagle alichapisha matokeo ya wagonjwa 10 tu wa ile homa isiyo na jina waliochomwa interferoni, na vipimo vya ini vya wengi wao vikatulia. Kufikia 1991 dawa hiyo ilikuwa imeidhinishwa Marekani.

Ilikuwa dawa ngumu. Mgonjwa alijichoma sindano mara tatu kwa wiki, akatetemeka usiku kama mwenye malaria, akakosa usingizi, akakosa hamu ya kula. Wengine waliingia kwenye sonona nzito. Baada ya nusu mwaka wa adha hiyo, waliopona hawakufika hata mmoja kati ya kumi. Mwaka 1998 iliongezwa ribavirini, vidonge vinavyopunguza damu, na waliopona wakafika kama wanne kati ya kumi. Miaka michache baadaye ikaja interferoni ya kuchomwa mara moja kwa wiki, na katika majaribio makubwa waliopona wakavuka nusu kidogo. Aina ya 1 na ya 4 za kirusi zilidai wiki 48. Kwa mkazi wa Kizota wa miaka ile dawa hii ilikuwa kama haipo: ilitaka jokofu, maabara ya kupima wingi wa virusi, na fedha ambazo kwa familia ya kawaida zingemaliza ng'ombe wote zizini.

Kwa hiyo kufikia katikati ya miaka ya 2000 dunia ilikuwa na umati wa watu walioshindikana, na madaktari hawakuwa na jipya la kuwapa isipokuwa kurudia kilekile kwa nguvu zaidi. Jaribio lililoitwa REPEAT liliwapa dozi ya wiki 72, karibu mwaka mmoja na nusu. Walipona 16% tu. Jaribio la HALT-C, lililochapishwa mwaka 2008, lilichukua wagonjwa 1,050 wenye makovu mazito ya ini ambao tiba ilikuwa imewakatalia. Nusu walichomwa interferoni ya kiwango kidogo kila wiki kwa miaka mitatu na nusu, si kwa tumaini la kupona bali angalau ini lisizidi kuharibika. Mwishoni makundi yote mawili yalikuwa sawa: mgonjwa mmoja kati ya watatu alizidiwa, aliyechomwa na asiyechomwa. Miaka mitatu na nusu ya homa za usiku ilikuwa ya bure.

Ndani ya takwimu hizo kulikuwa na jambo la kuumiza zaidi. Mwaka 2004 Andrew Muir na wenzake wa North Carolina walilinganisha Wamarekani weusi na weupe waliopewa tiba ileile, kwa dozi ileile. Weupe walipona 52%, weusi 19%. Katika mazingira ya Marekani si vigumu kukisia nani alilaumiwa: ilikuwa rahisi kusema hawamezi dawa, hawahudhurii kliniki, wanakunywa pombe. Jibu lilipatikana mwaka 2009, pale watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walipoona kwamba tofauti ndogo karibu na jeni iitwayo IL28B huamua kwa kiasi kikubwa kama mwili utaitikia interferoni. Umbo zuri la jeni hiyo ni la kawaida kwa watu wa asili ya Asia Mashariki, na ni adimu zaidi kwa watu wa asili ya Afrika. Tofauti kubwa ilikuwa ndani ya miili, na dawa ilikuwa imepimwa zaidi kwa miili mingine.

Kisha mambo yakaenda mbio. Mwaka 1999 Ralf Bartenschlager na Volker Lohmann, wakiwa Mainz, Ujerumani, walikuwa wamefaulu kukifanya kirusi kijizalishe ndani ya chembe za maabara, na kwa mara ya kwanza kampuni za dawa zikapata mahali pa kujaribia. Mwaka 2011 zilitoka telaprevir na boceprevir, dawa za kwanza za kukishambulia kirusi chenyewe badala ya kuuchochea mwili, ingawa bado zilimezwa pamoja na sindano za interferoni. Katika jaribio la telaprevir kwa walioshindikana, wale ambao awali kirusi kilitoweka kisha kikarudi walipona zaidi ya 80%. Wale ambao mwili wao haukuwahi kuitikia kabisa walipona theluthi moja hivi. Tofauti ile ya zamani kati ya miili ilikuwa bado ipo.

Iliyoifuta ilikuwa sofosbuvir, iliyobuniwa na Michael Sofia na wenzake katika kampuni ndogo ya Pharmasset. Molekuli yake inafanana na moja ya herufi ambazo kimeng'enya cha kirusi huziunga kutengeneza RNA mpya. Kimeng'enya kinaichukua, kinaipachika, na mnyororo unakatika hapohapo. Gilead iliinunua Pharmasset kwa takriban dola bilioni 11, na Desemba 2013 dawa ikaidhinishwa kwa bei ya dola 1,000 kwa kidonge kimoja, dola 84,000 kwa wiki 12. Mwaka uliofuata iliunganishwa na ledipasvir katika kidonge kimoja. Jaribio la ION-2 liliwapa kidonge hicho wagonjwa wa aina ya 1 ambao interferoni ilikuwa imewashinda, na waliopona walikuwa kati ya 94% na 99%. Watu waliohangaika na sindano miaka mingi walimaliza ugonjwa kwa kidonge kimoja kwa siku, bila zile homa za usiku.

Hasira juu ya bei hiyo ilisikika mpaka kwenye mabunge. Septemba 2014 Gilead iliruhusu kampuni saba za India kutengeneza dawa hiyo na kuiuza katika nchi 91 zinazoendelea, zikiwemo za Afrika Mashariki, na bei ikaanza kuporomoka. Rwanda, iliyokuwa tayari na mpango wa taifa dhidi ya homa ya ini, haikungoja. Desemba 2018 ilitangaza mkakati wa kuutokomeza ugonjwa wa C ndani ya miaka mitano, jambo ambalo hakuna nchi jirani iliyolithubutu.

Lakini tayari kasoro ilikuwa imejitokeza. Kirusi cha homa ya ini C kimegawanyika katika aina nane, na kila aina ina matawi yake. Majaribio ya Ulaya na Marekani yalijaa aina ya 1a na 1b, na wachache wa aina ya 4 waliokuwemo walikuwa zaidi wa tawi la 4a na 4d. Tawi la 4a ndilo lililoenea Misri, ambako kampeni ya serikali dhidi ya kichocho, kuanzia miaka ya 1950 hadi miaka ya 1980, iliwachoma wanavijiji sindano za mshipani kwa wiki kadhaa mfululizo, sindano zilezile zikichemshwa harakaharaka na kupita kwa mtu mwingine. Afrika ya kati na Maziwa Makuu kirusi kina historia ndefu zaidi, na matawi yake ni msitu. Aina ya 7 iligunduliwa Canada, katika damu ya wagonjwa waliotoka Kongo. Nchini Uganda watafiti waliochambua damu za wananchi wa kawaida walikuta aina ya 4 ya matawi mengi, na aina ya 7 pia.

Mwaka 2017, katika Hospitali ya Jeshi la Rwanda jijini Kigali, madaktari wa nchi hiyo wakishirikiana na shirika la Partners In Health waliwaandikisha wagonjwa 300 ambao hawakuwahi kutibiwa kwa vidonge hivi. Utafiti uliitwa SHARED, na miongoni mwa waliouongoza alikuwa Neil Gupta. Wengi walikuwa watu wa umri wa kuitwa bibi na babu, walioambukizwa pengine miongo kadhaa nyuma, na karibu wote walikuwa na aina ya 4. Walipewa sofosbuvir na ledipasvir kwa wiki 12, wakafuatiliwa kwa karibu. Kisha wakapimwa wiki 12 baada ya kidonge cha mwisho, maana hapo ndipo kupona kunapothibitishwa.

Walipona 261, yaani 87%. Ukiishia hapo utasema si haba. Lakini watafiti walilitenganisha jibu hilo kwa matawi. Wenye 4k walipona 93%. Wenye 4r walikuwa 48, na waliopona ni 27 tu: 56%.

Sababu ilikuwa kwenye protini iitwayo NS5A, ambako ledipasvir na ndugu zake hujishikiza ili kukizuia kirusi. Kirusi kinapomezewa dawa kwa muda kinaweza kubadilika hapo na kuikwepa. Hiki cha 4r kilikuwa na mabadiliko hayo tangu kuzaliwa, kabla mgonjwa hajameza kidonge hata kimoja. Karibu wakati huohuo, hospitali za London na Paris zilikuwa zinaona kitu kilekile kwa wahamiaji wa Kiafrika: katika King's College Hospital, wagonjwa wa asili ya Afrika wenye matawi yasiyo ya kawaida ya aina ya 1 walipona 75%, katika zama ambazo madaktari walizoea kuona zaidi ya 95%. Paris, tawi la 4r lilijitokeza kwa wingi usio wa kawaida miongoni mwa walioshindikana.

Kwa mara ya pili, basi, watu wa asili ya Afrika walikuwa wamepewa dawa iliyojaribiwa kwa wengine. Mara ya kwanza tofauti ilikuwa kwenye jeni ya mgonjwa, mara hii kwenye jeni ya kirusi. Na mara zote mbili aliyerudi kliniki na kirusi chake alikuwa na kila sababu ya kuogopa kuulizwa kama kweli alikuwa anameza.

Kuwatibu tena hakukuwa kazi ndogo. Mabadiliko ya kwenye NS5A hayaondoki upesi. Hubaki miaka hata dawa ikiachwa, kwa hiyo kumrudishia mgonjwa dawa ya kundi lilelile ni kumtupa kwenye bahati nasibu. Njia iliyopatikana ilikuwa kukishambulia kirusi sehemu tatu kwa wakati mmoja: sofosbuvir, velpatasvir iliyo na nguvu zaidi ya ledipasvir, na voxilaprevir inayozuia kimeng'enya cha kukata protini. Juni 2017 Marc Bourlière wa Marseille na wenzake walichapisha majaribio ya POLARIS: kati ya walioshindikana na dawa za kundi la NS5A, 96% walipona kwa kidonge hicho cha mseto. Wenye aina ya 4 walikuwa 22 tu, 20 wakapona. Dawa iliidhinishwa mwezi uliofuata, na bei yake ya kuandikwa Marekani ilikuwa karibu dola 75,000. Kuhusu 4r, kulikuwa bado hakuna la maana la kusema.

Kigali ikalisema yenyewe. Kuanzia Septemba 2019 hadi Januari 2020, katika utafiti wa SHARED-3 uliogharimiwa na Gilead, waliandikishwa wagonjwa 40 ambao vidonge vya awali vilikuwa vimewakatalia, wakiwemo wengi wa tawi la 4r. Kila mmoja alimeza kidonge kimoja kwa siku, pamoja na chakula, kwa wiki 12. Janga la UVIKO-19 likaingia katikati ya ufuatiliaji. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022: walipona 39 kati ya 40.

Habari hizi zinahusu Kizota kwa karibu kuliko zinavyoonekana. Nchini Kenya picha ni nyingine: utafiti uliofanywa Nairobi, Mombasa na Kilifi kwa watu 2,188 wanaojidunga dawa za kulevya ulikuta 13% wamewahi kuambukizwa, na kirusi kilikuwa zaidi cha 1a na 4a, matawi yanayotii dawa za kawaida. Lakini Dodoma iko katikati ya reli inayounganisha pwani na Kigoma. Tangu serikali ilipotangaza kuhamia huko mwaka 2016, mji umepokea watumishi na wafanyabiashara kutoka Kigoma, Kagera na kwingineko karibu na Maziwa Makuu. Mhudumu wa Dodoma akidhani kila mgonjwa wa C ametokana na sindano za vijiweni, atawakosa wazee waliochomwa sindano zahanati miaka ya zamani, na ndio hao wanaoweza kuwa na kirusi kisichosikia dawa ya kwanza.

Bei ya dozi ya kwanza si kikwazo kile tena. Mei 2023 shirika la CHAI na Mfuko wa Homa ya Ini walitangaza bei ya dola 60 kwa wiki 12 za vidonge vya kawaida katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Mseto wa mara ya pili haujafika hapo, na anayeuhitaji hupitia hospitali kubwa na barua nyingi. Kabla ya kufika huko, daktari mzuri hukaa na mgonjwa na kuuliza mambo ya kawaida kabisa. Ulimeza vidonge gani, viko wapi viboksi vyake? Ulikuwa unatumia omeprazole ya vidonda vya tumbo? Hiyo hupunguza kuingia mwilini kwa ledipasvir na velpatasvir, nayo inauzwa kila duka la dawa kuanzia Nkuhungu hadi Majengo bila mtu kuulizwa lolote. Uliwahi kuwa kwenye dozi ya kifua kikuu? Rifampisini huisukuma sofosbuvir nje ya mwili kabla haijafanya kazi. Umepimwa homa ya ini B? Kirusi cha C kikiondoka, cha B kilicholala kinaweza kuamka, na Marekani ilitoa onyo rasmi juu ya hilo Oktoba 2016. Kwa anayejidunga kuna swali moja zaidi, kama kirusi kimerudi au ameambukizwa upya, kwa sababu njia za kuwatibu hawa wawili hazifanani.

Na kuna wale waliochelewa. Voxilaprevir haipewi mtu ambaye ini lake limeshaanza kushindwa kazi, aliyejaa maji tumboni au anayechanganyikiwa. Huyo hutafutiwa njia ndefu zaidi, kwa kawaida sofosbuvir na velpatasvir pamoja na ribavirini, ileile ya mwaka 1998, kwa wiki 24. Aliyepona akiwa tayari na makovu mazito huondoka na karatasi ya kusema kirusi hakionekani, na tarehe ya kurudi baada ya miezi sita kupigwa picha ya ultrasaundi, kwa kuwa saratani ya ini inaweza kuota kwenye makovu hayo hata kirusi kikiwa kimekwisha.